Je, kutazama tu tendo likifanywa kunaufanyia ubongo kazi yoyote?

Kifunguamimba ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba ufafanuzi kutoka kwa yeyote aliyesoma masuala ya ubongo na mijongeo ya mwili, kwa sababu jambo hili limenishughulisha kwa wiki kadhaa na sijapata wa kunieleza kwa utulivu.

Mama yangu alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono wake wa kulia umepoteza nguvu, ingawa haukufa kabisa: bega linapanda, kiwiko kinakunjika kwa shida, vidole vinafumba lakini kuvifumbua ni kazi kubwa. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayemhudumia ametupa zoezi ambalo mwanzoni nililiona geni. Mama anaketi mbele ya skrini na kutazama, kwa dakika chache, video ya mkono wa mtu mwingine ukinyooka, ukishika kikombe, ukikiinua na kukirudisha mezani. Baada ya hapo ndipo anajaribu kufanya vivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha anarudi kutazama tena.

Siku za mwanzo nilidhani ni namna ya kumliwaza mgonjwa. Kisha jioni moja niliketi kando yake nikautazama mkono wake badala ya kutazama skrini. Ulikuwa umelala juu ya mto, kiganja kimeelekea juu. Kila mara mkono wa kwenye video ulipokaribia kikombe, kidole gumba chake kilitikisika kidogo sana, kama ukope unavyocheza wenyewe. Nilipomuuliza kama anakitikisa kwa makusudi, alisema hakujua hata kama kimetikisika. Nilipojiangalia na mimi, nilikuta vidole vyangu vimejikunja juu ya goti, kana kwamba kikombe nimekishika mimi.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, ni nini hasa kinachotendeka ndani ya ubongo wa mtu anayetazama tu, na kinatofautianaje na kile kinachotendeka anapotenda? Pili, ikiwa kutazama kunaamsha yale yale yanayoamshwa na kutenda, mbona watu wanaotazama michezo kwa miaka mingi hawageuki kuwa wachezaji? Mimi mwenyewe niliwahi kutazama mafundo fulani ya kamba yakifungwa mara nyingi mno, nikaamini nimeyajua, na nilipoishika kamba mikono ilinikatalia kabisa. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, je, siku ambazo mama amechoka na hawezi kujaribu, nimwongezee muda wa kutazama ili ufidie mazoezi aliyoyakosa?

---

Msomaneva amejibu:

Ndugu Kifunguamimba, pole kwa kuuguza, na mpe mama salamu zetu. Nimesomea fiziolojia ya neva, kwa hiyo nitajibu maswali mawili ya kwanza. La tatu nawaachia wanaowahudumia wagonjwa kila siku.

Ili kuelewa kutazama, ni lazima kwanza tuelewe kutenda, kwa sababu wengi hudhani kwamba kutenda ni amri kushuka tu kutoka kichwani hadi kwenye misuli. Mambo hayako hivyo. Kabla hujanyoosha mkono kuchukua kikombe, sehemu za ubongo zilizo karibu na utosi tayari zimekwisha kukokotoa kikombe kiko wapi ukilinganisha na mkono wako, na sehemu zilizo mbele yake zimechagua namna ya kukishika, iwe kwa mkono mzima au kwa ncha za vidole. Maandalizi haya yanapimika. Mwaka 1965 Wajerumani wawili, Kornhuber na Deecke, walionyesha kwamba umeme wa ubongo huanza kubadilika takriban sekunde moja au zaidi kabla ya mtu kufanya mjongeo alioutaka mwenyewe. Kisha, amri inaposhuka kupitia uti wa mgongo, nakala yake hupelekwa kwenye serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, nayo hutumika kubashiri mkono utahisi nini muda mfupi ujao. Ndiyo maana huwezi kujitekenya mwenyewe ukacheka kama unavyotekenywa na mwingine: ubongo ulikwisha kubashiri mguso huo, ukaupunguza uzito. Kutenda, kwa hiyo, ni kubashiri na kusahihisha kwa mfululizo, na shabaha ya ubashiri huo ni hisia zinazorudi kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo. Naomba uishike hoja hii, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha kwa nini kamba ilikukatalia.

Sasa tuje kwenye kutazama. Dalili kwamba mtazamaji hatulii tuli ndani ya ubongo ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika ubongo wa mtu aliyetulia kuna mawimbi ya umeme, kati ya mizunguko 8 na 13 kwa sekunde, ambayo hupimwa juu ya eneo linalohusika na mijongeo na ambayo hufifia mara tu anapojongea. Mwaka 1954, nchini Ufaransa, Gastaut na Bert waliona mawimbi hayo yakififia pia kwa watu waliokuwa wameketi tu wakitazama filamu ya ndondi. Hawakupiga ngumi, waliwatazama waliokuwa wakipigana.

Miaka karibu arobaini baadaye, huko Parma, Italia, kikundi kilichoongozwa na Giacomo Rizzolatti kilikuwa kikichunguza seli moja moja za neva katika ubongo wa kima aina ya makaku, kwenye eneo linalopanga matendo ya mkono na mdomo. Seli hizo zilijulikana kwamba hulipuka kwa umeme pale kima anaposhika kitu. Kilichowashangaza ni kwamba baadhi yake zililipuka pia pale kima alipomwona mtafiti akishika kitu, ilhali mkono wake mwenyewe umetulia. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 wakatoa maelezo marefu zaidi: kati ya seli 532 walizozipima, 92 zilikuwa na tabia hiyo, nazo wakaziita nyuroni-kioo. Angalia idadi hiyo kwa makini, kwa maana huwa inasahaulika. Hata katika eneo lile lile zilikogunduliwa, ni chache, na nyingi zilizobaki hazikujali alichokifanya mtafiti.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba si picha ya mkono peke yake inayoziamsha. Mwaka 2001 kikundi hicho kiliweka pazia mbele ya kitu kiasi kwamba kima aliuona mkono ukielekea nyuma ya pazia lakini hakuona ukishika. Baadhi ya seli ziliendelea kulipuka endapo kima alijua kwamba nyuma ya pazia kuna kitu, na zikanyamaza alipojua kwamba hakuna. Mwaka uliofuata wakaripoti seli zilizoamshwa hata kwa sauti tu ya tendo, kama vile ya karanga kupasuliwa au karatasi kuchanwa. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika utafiti huu: seli ya mkono inayosikia karanga ikipasuka gizani.

Kwa binadamu hatuwezi kuchomeka elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kupimia umeme, ovyo, kwa hiyo ushahidi mwingi ni wa kuzunguka. Mwaka 1995 Fadiga na wenzake walitumia sumaku inayochochea ubongo kutoka nje ya fuvu, wakapima jinsi misuli ya mkono inavyoitikia. Mtu alipokuwa akimtazama mwingine akishika kitu, uchochezi ule ule ulitoa mwitikio mkubwa zaidi kwenye misuli ambayo ingetumika kushikia. Njia ya kutoka kwenye ubongo hadi mkononi ilikuwa, kwa lugha nyepesi, imesogezwa karibu na kizingiti. Mwaka 2010 timu ya Los Angeles ilipata nafasi adimu ya kupima seli 1,177 kwa wagonjwa 21 wa kifafa, waliokuwa wamewekewa elektrodi kwa ajili ya matibabu yao, na ikakuta seli zinazoitikia kutenda na kutazama pia. Zaidi ya hayo, ikakuta seli ambazo huongeza kasi ya kulipuka mtu anapotenda na kuipunguza anapotazama. Hizi za mwisho zinafaa kukumbukwa, kwa sababu zinaweza kuwa sehemu ya jibu la kwa nini hatuigi kila tunachokiona. Kwa makaku pia, watafiti wa London walionyesha mwaka 2009 kwamba baadhi ya seli zinazotuma nyuzi zake hadi kwenye uti wa mgongo huzimwa wakati wa kutazama. Amri inaandaliwa, na wakati huo huo mlango unashikiliwa.

Kuhusu kidole gumba cha mama, sitaki kudai nisichokiona. Mabadiliko yanayopimwa maabara kwa kawaida hayafiki hatua ya kidole kutikisika, na mkono uliopata kiharusi una sababu nyingine kadhaa za kutikisika. Mwelezeni mtaalamu wake, ikiwezekana mkirekodi. Vidole vyako wewe vilivyojikunja ni jambo la kawaida zaidi: mtu asipojizuia, mwili hufuata kidogo.

Nije sasa kwenye swali la michezo na kamba. Mwaka 2005 Calvo-Merino na wenzake, London, waliwaweka wacheza baleti na wacheza capoeira, mchezo wa Kibrazili, ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, wakawaonyesha video za michezo yote miwili. Maeneo ya mijongeo yaliamka zaidi kila mmoja alipotazama mchezo wake. Ungeweza kusema ni mazoea ya macho tu. Ndipo mwaka 2006 wakafanya jaribio la werevu zaidi. Katika baleti kuna hatua zinazofanywa na wanaume na nyingine zinazofanywa na wanawake, ila wote hufanya mazoezi pamoja na huziona hatua zote kila siku. Macho yao, basi, yamezoea sawasawa. Miili yao haijazoea sawasawa. Na ikaonekana kwamba maeneo hayo yaliamka zaidi kwa hatua ambazo mtazamaji mwenyewe huzifanya. Jicho linaazima kutoka kwa mkono kile ambacho mkono tayari unacho.

Jaribio jingine lilifanyika Italia mwaka 2008. Aglioti na wenzake waliwaonyesha watu video za mitupo huru ya mpira wa kikapu, wakaikata kabla haijakamilika, wakawataka wabashiri kama mpira utaingia. Wachezaji waliwashinda makocha na waandishi wa habari za michezo, yaani watu waliotazama mitupo isiyohesabika, na ubashiri wao ulikuwa sahihi mapema zaidi, hata mpira ukiwa bado mkononi mwa mtupaji. Misuli ya mikono ya wachezaji na ya watazamaji wazoefu iliandaliwa kwa kutazama, lakini ni ya wachezaji pekee iliyotofautisha mtupo utakaoingia na utakaokosa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kamba yako. Ulipotazama, ubongo wako ulijifunza mpangilio: huku kwanza, kisha kule, kisha kupitia kwenye kitanzi. Haukupata kujua uvute kwa nguvu kiasi gani, wala kidole kipi kizuie kitanzi kisifunguke wakati kingine kinapenyeza ncha, kwa sababu hayo hayaonekani, yanahisiwa. Kardas na O'Brien walionyesha mwaka 2018 kwamba watu waliotazama video ya urushaji wa vishale mara ishirini waliamini watapata alama nyingi kuliko waliotazama mara moja, na waliporusha hawakuwazidi. Kilichoongezeka ni imani.

---

Hoja_Kwanza amejibu:

Nimesoma maelezo ya Msomaneva na nakubaliana na sehemu kubwa, lakini naomba niweke kizuizi mahali fulani kabla wasomaji hawajaondoka na picha iliyozidi ukweli. Kwa miaka mingi baada ya ugunduzi wa Parma, nyuroni-kioo zilipewa kazi ya kueleza karibu kila kitu: huruma, lugha, utamaduni, hata usonji. Mwaka 2000 mtaalamu wa neva Ramachandran alitabiri kwamba zitaifanyia saikolojia kile ambacho DNA iliifanyia biolojia. Utabiri huo haukutimia, na dhana kwamba usonji unatokana na hitilafu ya seli hizi haikupata ushahidi thabiti. Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa kuna wazazi walioambiwa hivyo na wakaamini.

Kuna maswali mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kama mitambo ya kutenda huamka tunapotazama. Hilo sina ubishi nalo. La pili ni kama kuamka huko ndiko kunakotufanya tulielewe tendo. Hapa ushahidi unakataa kwenda mbali. Mwaka 2016 Vannuscorps na Caramazza walichunguza watu waliozaliwa bila mikono, ambao kwa hiyo hawajawahi kushika chochote kwa mkono, na wakakuta wanatambua na kubashiri matendo ya mkono vizuri kama watu wengine. Ikiwa kuelewa kunahitaji kurudia tendo ndani ya mwili, hawa wangepaswa kukwama, na hawakukwama. Sote pia tunaelewa ndege anaporuka bila kuwa na mabawa.

Jambo la pili ninaloomba lizingatiwe ni asili ya seli hizi. Wapo wanaozieleza kana kwamba tumezaliwa nazo zikiwa tayari zimeshapangiwa kazi. Cecilia Heyes wa Uingereza amekuwa akitetea kwa muda mrefu kwamba zinatokana na kujifunza: mtoto huona mkono wake ukifumba kila anapoufumba, watu wazima humwiga, na picha ya tendo hufungamana na amri ya tendo kwa kurudiarudia. Mwaka 2007 yeye na Caroline Catmur na Vincent Walsh waliliweka dai hilo kwenye mizani. Waliwazoeza watu kutikisa kidole cha mwisho kila walipoona kidole cha shahada kikitikiswa, na kinyume chake. Baada ya mazoezi hayo, kipimo cha sumaku kilionyesha kwamba kuona kidole cha shahada kuliandaa misuli ya kidole cha mwisho. Kioo kilikuwa kimegeuzwa. Kioo kinachogeuzwa kwa mazoezi ya muda mfupi hakikuwa kioo cha kuzaliwa nacho.

Kwa mama yako, ndugu, naona hili ni la kutia moyo zaidi kuliko ile hadithi ya kwanza. Kama uhusiano kati ya jicho na mkono ulijengwa kwa mazoezi, basi mazoezi yana nafasi ya kuujenga tena.

---

Mnyoosha_Viungo amejibu:

Nimefanya kazi ya tiba ya viungo na wagonjwa wa kiharusi kwa muda mrefu, hivyo nitajibu swali la tatu.

Zoezi alilopewa mama lina jina na lina historia. Kwa kifupi ni tiba ya kutazama tendo. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani na Italia, Ertelt na wenzake, walichapisha matokeo ya kundi dogo la wagonjwa waliokwisha kukaa na ulemavu wa mkono kwa muda mrefu. Kwa wiki nne wagonjwa hao walitazama video za matendo ya kila siku na kisha kuyafanya, ilhali kundi la kulinganisha lilifanya mazoezi yale yale likitazama picha zisizo na matendo. Waliotazama matendo waliendelea vizuri zaidi. Lililo muhimu kwako ni jinsi jaribio lilivyopangwa: makundi yote mawili yalifanya mazoezi ya mkono. Kutazama kuliongezwa juu ya kutenda. Hakukuwekwa mahali pake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usimwongezee muda wa kutazama ukidhani unalipa deni la mazoezi. Siku aliyochoka, mpunguzie yote mawili kwa uwiano: atazame dakika mbili, ajaribu mara tatu, apumzike. Mtu aliyechoka akitazama skrini kwa nusu saa, macho yako pale lakini yeye hayupo, na tiba hii inategemea awepo. Tunamwambia mgonjwa atazame kana kwamba anajiandaa kulifanya tendo hilo mara tu video itakapokwisha.

Kuna jaribio moja ambalo hulieleza kwa familia kila mara, lililofanywa Kanada na Mattar na Gribble na kuchapishwa mwaka 2005. Watu walitazama video ya mtu mwingine akijifunza kusogeza mkono huku roboti ikiusukuma pembeni. Baadaye waliposhika roboti wenyewe, waliotazama mtu akijifunza msukumo ule ule walianza vizuri kuliko wasiotazama, na waliotazama msukumo wa upande wa pili walianza vibaya. Sasa sikiliza hili. Wale waliopewa hesabu za kichwani wakati wa kutazama bado walifaidika. Wale waliokuwa wakijongesha mikono yao kwa kazi nyingine wakati wa kutazama walipoteza faida. Mitambo ya kujongea ilikuwa na shughuli nyingine. Ninachokichukua kutoka hapo, kwa kazi yangu, ni hiki: mama anapotazama, asiwe anakunja nguo, asiwe anapapasa shanga, asiwe ananyooshwa mkono na mtu mwingine. Mkono utulie kwenye mto kama ulivyoueleza, uwe huru.

Kuhusu kidole gumba, Msomaneva amesema vizuri, kirekodiwe. Nami ningependa kujua jambo moja: kinatikisika mkono wa kwenye video unapokaribia kikombe tu, au hata skrini ikiwa imezimwa? Mtaalamu wake atakuuliza hivyo hivyo.

---

Kifunguamimba amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Nimekaa na majibu haya kwa siku tatu kabla ya kurudi, kwa sababu nilitaka kwanza nitazame.

Nimerekodi. Skrini ikiwa imezimwa, kwa dakika tano nilizohesabu, kidole kilitikisika mara moja tu. Video ilipokuwa ikicheza kilitikisika mara sita, ingawa si kila mara kikombe kiliposhikwa, na mara moja kilitikisika mkono ulipokuwa ukirudi nyuma. Sitaki kujenga nyumba juu ya hesabu yangu ya siku moja. Nitampelekea mtaalamu wake video hiyo.

Jambo jingine nililoligundua ni kwamba nilikuwa nikimharibia. Kila alipokuwa akitazama, mimi nilikuwa nimeshika mkono wake huo huo nikiusugua ili usiwe baridi. Nilifanya kwa mapenzi. Nimeacha, na sasa nausugua baada ya zoezi.

Nina swali la mwisho. Video tuliyopewa inaonyesha mtu ameketi upande wa pili wa meza, akiwa ametuelekea, na anatumia mkono wa kushoto. Mama analalamika kwamba inamchanganya. Je, hilo lina uzito, au ni la kuvumilia tu?

---

Msomaneva amejibu:

Lina uzito, na mama yuko sahihi. Kipimo cha sumaku kimeonyesha kwamba misuli ya mkono huandaliwa zaidi pale mkono unaotazamwa unapoonekana kwa mwelekeo ambao mtu huuona wake mwenyewe, kuliko unapoonekana kana kwamba ni wa mtu aliyeketi mbele yake. Kumtazama mtu aliyekuelekea nako hufanya kazi, ila ubongo unapaswa kwanza kugeuza picha, na hiyo ni kazi ya ziada kwa mtu ambaye ubongo wake unaugua.

Mkitaka kuona jinsi mtazamaji anavyoshiriki, fanyeni jaribio dogo lisilohitaji kifaa. Wewe panga vitu vidogo vitatu kwa kuvibebanisha kimoja juu ya kingine, polepole, huku mtu mwingine akikutazama na wa tatu akiyatazama macho ya huyo mtazamaji. Flanagan na Johansson walionyesha mwaka 2003 kwamba macho ya mtazamaji hayaufuati mkono. Hutangulia kufika mahali mkono unapoelekea, sawasawa na macho ya mtendaji. Ubashiri ule niliousema mwanzo utauona kwa macho yako mwenyewe.

---

Mnyoosha_Viungo amejibu:

Naongeza tu namna ya kuitengeneza hiyo video, kwa kuwa simu inatosha. Simama nyuma ya bega la kulia la mtu mwenye afya aliyeketi kwenye kiti cha mama, mbele ya meza ile ile na kikombe kile kile, ushushe simu hadi usawa wa macho yake. Atumie mkono wa kulia. Aanze mkono ukiwa umetulia mezani, anyooshe, afumbue vidole kabla ya kukifikia kikombe, ashike, ainue hadi karibu na mdomo, arudishe, aachie. Sehemu ya kufumbua vidole irekodiwe kwa karibu na taratibu, kwa kuwa umesema ndipo mama anapokwama, na mkono mzima uonekane tangu kwenye kiwiko. Mwonyeshe mtaalamu wake kabla hamjaanza kuitumia. Na ikiwezekana, anayerekodiwa awe wewe.

---

Kifunguamimba amejibu:

Nimeirekodi leo asubuhi. Mama ameitazama mara mbili, akaniambia kwamba ninashika kikombe vibaya, mkono wangu unakwenda juu mno kabla ya kukifikia. Nilipoirudia video nikaona ni kweli. Akaunyosha mkono wake hewani, nusu ya njia, kunionyesha unavyopaswa kupita.

Nitairekodi upya kesho kama alivyoelekeza.